Figo Ikiugua, Namba ya Lehemu Haisemi Kweli

Mjomba wangu alikuwa mkavu wa mwili, fundi cherehani wa barazani, mtu asiyevuta sigara wala kupenda nyama ya mafuta. Presha aliishi nayo miaka 15. Figo zake zilianza kuchoka akiwa na miaka 56, uchujaji ukashuka hadi 41, wakati kijana mwenye afya huwa na 90 na zaidi. Siku moja alinionyesha karatasi ya vipimo aliyoikunja mara nne na kuihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Kwenye mstari wa lehemu paliandikwa 4.4, na mbele yake neno moja: kawaida.

"Mpwa wangu, huku angalau nimesalimika," aliniambia. "Daktari kasema mafuta yangu mazuri, hakuna dawa ya kuongeza."

Miezi tisa baadaye, alfajiri, kifua kilimbana akiwa anatia udhu. Hakufika hospitali.

Siapi kwamba kidonge kingemwokoa. Hakuna mtu mkweli anayeweza kuapa hivyo juu ya mtu mmoja. Ninachokipinga ni ile sababu iliyomnyima dawa, kwa sababu nimeisikia tena na tena tangu wakati huo, kliniki, misibani na hata vinywani mwa watu waliosomea tiba: kwamba lehemu ni suala la namba. Namba ikipanda unatibiwa, ikiwa chini uko salama. Na kwamba lehemu, kwa vyovyote vile, ni shida ya wanene, watu wa magari na chipsi kuku. Mgonjwa wa figo ana hofu zake nyingine, yaani chumvi, potasiamu na siku ya kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Kwa mgonjwa wa figo fikra hiyo ni potofu, na upotofu wake unazika watu. Figo zinazougua ni sababu tosha ya dawa. Mtu aliyefika miaka 50, figo zake zikawa zinachuja chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, na hajaanza kusafishwa damu, anastahili kupewa statini, ile dawa ya kushusha lehemu, iwe lehemu yake ni 6 au ni 4. Aliye chini ya miaka 50 anastahili pia ikiwa ana kisukari, au ameshapata kiharusi, au mishipa ya moyo imeshaonyesha ugonjwa. Maneno hayo si ya kijiweni. Ndivyo walivyopendekeza KDIGO, jopo la kimataifa linaloandika miongozo ya maradhi ya figo, tangu mwaka 2013, na mwongozo wao wa mwaka 2024 haukuitengua kauli hiyo. Muda wote huo umepita, na bado tunamwambia fundi cherehani kwamba amesalimika.

Tuulize fikra hii ilitoka wapi, maana ina ukoo, na sehemu ya ukoo huo iko hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyetibu na kufundisha Kampala kwa miaka mingi, aliandika pamoja na mwenzake Singh katika East African Medical Journal kuhusu ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika mmoja. Mmoja tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa adimu kiasi kwamba kisa cha mtu mmoja kilitosha kuwa makala ya jarida. Miaka mitatu baadaye watafiti Gerald Shaper na K. W. Jones walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa lehemu za Waafrika na Waasia waliokuwa wakiishi Uganda. Waafrika lehemu zao zilikuwa chini na mioyo yao haikuziba; Waasia zilikuwa juu na ugonjwa uliwaandama. Picha ilikuwa safi, na kwa watu wale na wakati ule ilikuwa kweli.

Sina ugomvi na watafiti hao. Waliandika walichokiona, na walikiona kwa makini. Kosa ni letu sisi tuliochukua hali ya watu wa miaka ya 1950, waliokula matoke na maharage na kutembea kwa miguu shambani, tukaigeuza kuwa maumbile ya kudumu ya mwili wa Mwafrika. Mwembamba wa Uganda wa mwaka 1956 na mwembamba wa leo mwenye presha ya miaka 15 hawafanani ila kiunoni. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa takriban watu wazima 7 kati ya kila 100. Vijijini walikuwa 2, mjini 15. Wengi wa waliokutwa nao hawakuwa na habari. Hao wa mjini ndio mafundi, makondakta, walimu na mama lishe wetu, na wengi wao hawana kitambi cha kumfanya yeyote awaze habari ya lehemu.

Lakini hata tukiiacha historia, kuna jambo la ndani zaidi. Lehemu ya chini ilikuwa dalili njema kwa mkulima yule kwa sababu figo zake zilikuwa nzima. Figo ikiugua, maana ya namba inabadilika.

Mafuta hayachangamani na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana ini huyapakia mafuta ndani ya vifurushi vyenye ganda la protini na kuyasafirisha kama shehena. Kwenye kuta za mishipa midogo kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kupakua mafuta yaitwayo trigliseridi ili misuli ipate nishati. Figo zinapougua, kimeng'enya hicho hulegea, na protini moja inayokizuia huongezeka. Shehena haipakuliwi kwa wakati. Vifurushi vilivyopakuliwa nusu huzunguka kwenye damu siku nzima, trigliseridi hupanda, na ile lehemu nzuri, HDL, hushuka.

Sasa njoo kwenye lehemu mbaya, LDL, ambayo ndiyo kila mtu huitafuta kwenye karatasi. Uzito wake unaweza kubaki palepale, na hata kushuka. Kinachobadilika ni vifurushi vyenyewe: vinakuwa vidogo, vizito na vingi, vinapenya kirahisi kwenye ukuta wa mshipa, na vinakaa muda mrefu kwenye damu kabla ya ini kuviondoa. Uria iliyojaa mwilini kwa sababu figo haziitoi huvigandia na kuvigeuza sura. Seli za ulinzi huviona kama wageni. Huvimeza mpaka zenyewe zikavimba na kufia ndani ya ukuta wa ateri. Fundi bati analijua neno lehemu kwa maana nyingine, ile risasi inayoyeyushwa kuungia sufuria, na sidhani kama kuna jina linalofaa zaidi kwa kitu kinachogandia ndani ya mshipa.

Hata HDL iliyobaki haipaswi kutufariji. Kazi yake ni kukusanya lehemu kutoka kwenye kuta na kuirudisha kwenye ini. Kwa mgonjwa wa figo haikomai ipasavyo, na katika mwili wenye uvimbe wa kudumu hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzilinda kuta. Unaweza kukuta kiasi fulani chake kwenye karatasi kumbe haifanyi kazi iliyoumbiwa.

Kipimo cha kawaida cha maabara kinapima uzito wa lehemu. Hakihesabu vifurushi, hakionyeshi vimeharibikaje, hakituambii vimezunguka kwa muda gani. Kumpa mgonjwa wa figo neno "kawaida" kwa kutegemea uzito huo ni sawa na kupima gunia la mahindi kwenye mizani na kuapa kwamba halina sumu kuvu.

Kuna kundi moja ambalo namba haiwafichi: wale ambao figo zao zinavuja protini nyingi kwenye mkojo mpaka uso na miguu inavimba. Ini likihangaika kuzalisha protini zilizopotea, lehemu nayo hupaa, na majimaji ya damu yanaweza kuwa meupe kama maziwa. Richard Bright, daktari wa London aliyefungua somo la maradhi ya figo katika karne ya 19, alishaliona hilo kabla hakujawa na mashine yoyote ya kupimia. Wagonjwa hao karatasi inawapigia kelele na kila mtu anasikia. Tunaowapoteza ni wale wengine, wenye karatasi tulivu.

Na kuna kundi ambalo kwao namba inageuka kinyume kabisa. Miongoni mwa watu wanaosafishwa damu, tafiti zimekuta mara kwa mara kwamba wenye lehemu ya chini ndio wanaokufa zaidi. Si kwamba lehemu ya juu imegeuka dawa. Lehemu yao imeshuka kwa sababu mwili unanyauka: hawali vya kutosha, uvimbe wa ndani unawala, protini imekwisha. Kwa mtu wa namna hiyo, lehemu 3 ni kengele ya hatari. Nimewahi kumwona mama mmoja wa mashine, mikono imebaki mifupa, akipongezwa kwa lehemu yake nzuri na kusisitiziwa aache mayai. Niliumia. Mtu yule alihitaji yai kuliko alivyohitaji pongezi.

Wanaopinga hoja yangu wana silaha moja nzito, na siwezi kuipita pembeni. Watasema: hizo statini zimeshajaribiwa kwa wagonjwa wa figo, zikashindwa. Ni kweli kwamba zilijaribiwa. Ujerumani, utafiti ulioitwa 4D, uliochapishwa mwaka 2005, ulichukua watu 1,255 wenye kisukari waliokuwa wakisafishwa damu. Nusu walipewa atorvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa. LDL ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40, lakini vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi, vikihesabiwa pamoja, havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2009 ukaja AURORA, wagonjwa zaidi ya 2,700 wa mashine, dawa ikiwa rosuvastatini, na jibu likawa lilelile. Namba ilishuka vizuri, mgonjwa hakufaidika.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu wanaoitumia kunipinga hawajaona inawapinga wao. Kama namba ndiyo hakimu, basi kuishusha kwa asilimia 40 kungeokoa watu. Haikuwaokoa kwa sababu moyo wa mtu aliyefika kwenye mashine huua kwa njia nyingine: mishipa imeshajaa chokaa, msuli wa moyo umeshakuwa mnene na mgumu, potasiamu inapanda na kushuka kati ya kikao na kikao, mapigo yanakatika ghafla. Statini haina la kufanya na chokaa iliyokwishakauka. Ndiyo maana mwongozo unasema mtu wa mashine asianzishiwe, ila aliyekuwa anaitumia tangu zamani aendelee nayo.

Weka kando ya hizo mbili utafiti wa SHARP, ulioongozwa kutoka Oxford na kuchapishwa mwaka 2011. Ulichukua watu 9,270 wenye ugonjwa wa figo, theluthi mbili wakiwa bado hawajafika kwenye mashine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshapata mshtuko wa moyo. Nusu walipewa simvastatini pamoja na ezetimibu, dawa nyingine ya kushusha lehemu, kwa karibu miaka mitano. Katika kila watu 1,000 waliomeza kidonge kitupu, 134 walipata mshtuko wa moyo, kiharusi cha kuziba, au kulazimika kuzibuliwa mishipa. Waliopewa dawa walikuwa 113. Watu 21 katika kila 1,000. Na wastani wa lehemu ya washiriki wote walipoanza ulikuwa 4.9. Hawakuwa watu wa 7 na 8. Walikuwa watu ambao kwenye kliniki zetu wangeandikiwa "kawaida" na kurudishwa nyumbani.

Nitaeleza na upungufu wake, kwa sababu hoja inayoficha udhaifu wake haistahili kuaminiwa. Katika SHARP, idadi ya vifo vyote kwa jumla haikushuka kwa kiwango cha kutegemewa. Wala dawa haikuchelewesha figo kufa. Yeyote anayemwambia mgonjwa kwamba statini itaponya figo zake anamdanganya. Figo zinalindwa kwa kudhibiti presha na sukari, na kwa dawa nyingine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Statini inalinda mishipa ya moyo na ubongo, na inailinda mapema, katika ile miaka ambayo mtu bado anakojoa, bado anashona, bado anaamini hana tatizo. Dirisha hilo likifungwa halifunguki kirahisi tena. Labda kwa aliyebahatika kupandikizwa figo: katika utafiti wa ALERT wa mwaka 2003, uliohusisha watu 2,102 wenye figo za kupandikizwa, lengo kuu la utafiti halikufikiwa, lakini vifo vya moyo na mishtuko ya moyo vikihesabiwa pamoja vilipungua kwa takriban theluthi moja kwa waliopewa statini.

Kikwazo kingine ni hofu, nayo haitoki kwenye majarida. Inatoka kwa jirani. "Hivyo vidonge vya mafuta vinamaliza figo." Nimeisikia Tanga, nimeisikia Mombasa. Ina chembe ya ukweli ndani yake: mara chache sana statini huvunja misuli, na takataka za misuli iliyovunjika huweza kuziumiza figo. Mara nyingi hilo hutokea dawa zinapogongana. Simvastatini haifai kuchanganywa na klarithromaisini, wala na dawa za VVU zenye ritonaviri, wala na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa. Mgonjwa lazima amweleze daktari kila anachokitia mdomoni, mitishamba ikiwemo, na mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta aliseme hilo kabla ya kuandikiwa. Lakini atorvastatini huondolewa mwilini na ini, na dozi yake haihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo. Wakati huohuo, jirani yuleyule anayeogopa statini ananunua diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo, wiki baada ya wiki, bila kuulizwa na mtu. Hiyo ndiyo inayomaliza figo.

Kuhusu maumivu ya mwili yanayosingiziwa statini, London walifanya jambo la busara. Katika utafiti wa SAMSON, uliochapishwa mwaka 2020, watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi walipewa chupa za dawa kwa miezi minne, chupa za vidonge vitupu kwa miezi minne, na miezi minne bila kidonge chochote, bila kujua chupa ipi ina dawa. Walijiandikia dalili kila siku. Ilionekana kwamba asilimia 90 ya usumbufu walioupata na statini waliupata pia na kidonge kitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, hawakuwa waongo. Lakini kwa sehemu kubwa yalitokana na kumeza kwa hofu, na hofu hiyo sisi ndio tunaoipanda.

Inabaki pesa. Shirika la Afya Duniani liliingiza simvastatini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2007, na statini za leo zinatengenezwa na viwanda vingi kwa bei ya chini. Kinachomaliza pesa za wagonjwa wengi ni kupima. Mwongozo unataka lehemu ipimwe mwanzo, ili kuwanasa wale wachache wenye namba iliyopaa kupita kiasi. Baada ya hapo wengi hawahitaji kurudia, kwa sababu jibu halibadilishi tiba. Kwetu mgonjwa anaagizwa kipimo kila baada ya miezi mitatu, analipa, anaambiwa kawaida, anarudi mikono mitupu. Pesa ya kipimo kile ingenunua dawa ya wiki kadhaa. Na bima inayokubali kulipia mashine mara mbili kwa wiki haipaswi kuuliza namba ya lehemu kabla ya kulipia kidonge.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo, aliyemfuata mjomba kwa kuzaliwa. Ana miaka 58, kisukari, uchujaji wa figo 52, na mwili mwembamba uleule wa ukoo wetu. Daktari alikuwa binti mdogo, pengine hajafika miaka 30. Alimuuliza kisukari kimeanza lini, akamwomba atoe mkobani dawa zote anazotumia, akakuta vidonge vya maumivu na kuviweka pembeni, akamweleza kwa upole kwa nini. Akaagiza mkojo upimwe protini na damu ipimwe lehemu. Kisha, kabla hatujainuka, akaandika atorvastatini, miligramu 20, kimoja kila usiku.

"Mwanangu, mbona hujaisubiri damu?" mama mdogo akauliza.

"Mama, hiyo nitaiangalia ikija. Dawa hii nakupa kwa ajili ya figo kuugua na kisukari."

Majibu yalitoka siku ya nne. Lehemu ilikuwa 4.6, na mbele yake, kama kawaida ya maabara zetu, pameandikwa kawaida. Mama mdogo alikuwa ameshameza vidonge vitatu.